Uzinduzi wa Ziwa Nyalumbe

Nchi ninayotaka kuwasimulia haimo kwenye ramani, na wachora ramani hawana lawama. Waliomba kibali cha kuichora miaka mingi iliyopita, na faili lao, kwa mujibu wa wahusika, bado linafanyiwa kazi. Kwa hiyo jina lake silitaji. Ninachoweza kusema ni kwamba ni nchi nzuri, yenye amani, yenye miti mingi, na yenye wizara ya kuishughulikia miti hiyo, iitwayo Wizara ya Maumbile, Mandhari na Mengineyo.

Katika wizara hiyo, ghorofa ya chini kabisa, chumba namba tisa kisicho na dirisha, ndimo alimokaa Bi. Sikudhani Mbaruku kwa miaka thelathini na minne akigonga mihuri. Kazi yake ilikuwa moja tu: vibali vya kupiga kambi kando ya Ziwa Nyalumbe. Mwananchi aliyetaka kwenda kulala hemani chini ya miti, asikilize ndege na kuota moto, alijaza kwanza fomu ya kurasa kumi na moja. Swali la kumi na nne lilisema: "Eleza sababu ya kutaka kutazama maji." Waliojibu "napenda tu" walirudishiwa fomu. Waliojibu "kwa ajili ya maendeleo" waligongewa muhuri siku hiyohiyo. Bi. Sikudhani hakuwa mtu mbaya, wala fomu hiyo hakuitunga yeye, na mara nyingi alimnong'oneza mwombaji aliyekwama: "Andika maendeleo, mwanangu. Andika maendeleo uende zako."

Ziwa lenyewe hakuwahi kuliona. Msifikiri hakutaka. Watu walirudi kumshukuru pua zikiwa zimebabuka kwa jua, wakamsimulia jinsi maji yanavyobadilika rangi kila saa, jinsi kiboko anavyopiga miayo kama mtu aliyechoshwa na mkutano, jinsi miti inavyoinama mpaka matawi yanagusa maji. Yeye alisema, "Hongereni sana," akafunga mlango, akaona wivu mpaka mwisho wa saa za kazi. Kanuni zilimruhusu mtumishi wa wizara kuomba kibali hicho mara moja tu maishani mwake, kwa siku moja na usiku mmoja, ili kuepusha upendeleo. Bi. Sikudhani akaamua mara yake hiyo moja aitunze hadi atakapostaafu, maana mtu mwenye kazi hawezi kutazama maji kwa utulivu.

Akastaafu. Aliagwa kwa soda na hotuba nne, akapewa ndoo yenye mfuniko. Kesho yake alinunua hema. Kwa wiki mbili alifanya mazoezi sebuleni kwake, hema limesimama katikati ya makochi, kamba moja kaifunga kwenye mguu wa kabati la vyombo, nyingine kwenye kitasa cha mlango. Jirani aliyekuja kuazima chumvi alimkuta mwenye nyumba amekaa ndani ya hema anakula ndizi. Aliondoka kimyakimya, na chumvi hakuiomba tena.

*

Alifika Hifadhi ya Nyalumbe Alhamisi moja, saa tatu asubuhi, mkoba mgongoni na kibali mkononi. Kibali kilikuwa kinaisha kesho yake saa mbili asubuhi, na hakuna kingine ambacho angepewa mpaka anaingia kaburini. Alikuwa amejigongea mwenyewe siku yake ya mwisho kazini, na kwenye swali la kumi na nne aliandika maendeleo.

Kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba msitu ulikuwa umepakwa chokaa. Si ile miti miwili mitatu ya kando ya lango, ambayo kila mtu anajua ni lazima ipakwe akija mgeni. Msitu mzima. Kila mti, mdogo kwa mkubwa, ulikuwa mweupe kuanzia kwenye mizizi mpaka usawa wa kiuno cha mtu mzima, na kwa mbali wanaume wenye ndoo na brashi walionekana wakizidi kutokomea ndani. Nyani wawili walipita na chokaa mapajani. Chini, majani makavu yalikuwa yamefagiwa yote, kisha mkubwa mmoja akaona msitu umekuwa kama uwanja wa gwaride, akaamuru yarudishwe, na sasa mama mmoja alikuwa amechuchumaa anayapanga moja moja.

Kisha, mbele, katikati ya vile vigogo vyeupe, akaona bluu. Bluu tupu, pana, kutoka mkono wa kushoto mpaka wa kulia. Moyo ulimruka Bi. Sikudhani. Akatembea haraka, akasahau uzito wa mkoba, akasahau na goti lake bovu. Alipokaribia aliona mishono.

Lilikuwa turubai. Lilikuwa limetundikwa kwenye nguzo ndefu kupita nyumba ya ghorofa, likafuata ufuko wote mpaka linapotea machoni. Mbele yake alisimama mwanamume mwembamba aliyevaa sare ya kijani, na uso wa mtu anayeomba radhi kila siku ilhali anayekosewa ni yeye. Huyo alikuwa Mhifadhi Luhende, mkuu wa hifadhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ziwa liko wapi?"

"Lipo hapo nyuma ya turubai."

"Linaumwa?"

"Halijazinduliwa, mama."

Mhifadhi akamweleza. Wakaguzi kutoka makao makuu walikuja wakakagua hifadhi yote, wakakuta lango limezinduliwa, vyoo vimezinduliwa, hata pipa la taka la pale karibu na choo lina kibao cha marumaru chenye jina la mheshimiwa aliyelizindua. Ila ziwa halikuwa na kibao. Wakapekua mafaili, wakathibitisha kwamba ziwa hilo, ambalo liko pale tangu mababu wa mababu, halijawahi kuzinduliwa na kiongozi yeyote. Na kwa mujibu wa waraka, kivutio ambacho hakijazinduliwa si kivutio, na mwananchi anayekitazama anatazama kitu ambacho serikali haijamkabidhi.

"Lakini watu wamekuwa wakija hapa miaka yote," alisema Bi. Sikudhani. "Mimi ndiye niliyekuwa nawagongea mihuri."

"Hao wamesamehewa," Mhifadhi alijibu, akashusha sauti. "Mimi mwenyewe nyumba yangu ilikuwa inaangalia maji. Wamenizibia dirisha kwa maboksi. Nasikia tu yule ndege furukombe analia, siruhusiwi kumwona amekaa wapi."

Wapiga kambi waliofika kabla yake walikuwa kwenye maegesho ya magari. Walikuwa kama mia mbili, wamesimamisha mahema juu ya lami, kila hema ndani ya mistari ya gari moja, na wengine walikuwa na siku ya tisa pale. Uzinduzi ulikuwa umeahirishwa mara tatu. Watoto wa shule moja walikuwa wameandika kwenye madaftari yao habari zote za turubai: rangi yake, urefu wake, sauti yake upepo unapovuma.

"Ila leo ndiyo leo," Mhifadhi alimtuliza. "Leo anakuja Mtukufu Kiongozi mwenyewe. Saa nne kamili."

Bi. Sikudhani akatazama saa yake. Saa moja si kitu kwa mtu aliyesubiri miaka thelathini na minne. Akatafuta nafasi kati ya gari mbili, akakalia mkoba wake.

*

Shughuli yote ilikuwa mikononi mwa Bwana Hilali Mkungume, Afisa Itifaki wa Taifa. Alikuwa mtu mnene, mtanashati, mwenye suti nyeusi katikati ya joto lile, na jasho lilimtoka kwa adabu, upande mmoja kwanza ndipo upande wa pili. Katika maisha yake alikuwa amesimamia uzinduzi wa vitu mia mbili na kumi na viwili, na hakuna hata mmoja uliowahi kuharibika, ukiacha vitu vyenyewe.

Meza kuu ilikuwa tayari. Ilifunikwa kitambaa cheupe, ikawekwa maua ya plastiki yaliyoletwa kutoka mji mkuu, kwa kuwa ya msituni hayakulingana kimo, na mbele ya kila kiti chupa ya maji. Viti thelathini na kimoja vilikuwa na wenyewe: Mkuu wa Wilaya, wakuu wa idara, wenyeviti wa kamati, na makatibu wa hao wenyeviti. Kiti cha thelathini na mbili, chenye mgongo mrefu na kitambaa cha dhahabu, kilikuwa kitupu, kinamngoja mgeni rasmi.

Saa nne ikafika, ikapita. Saa tano Bwana Hilali akapokea simu, akashika kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana, Mtukufu Kiongozi amepata udhuru. Atawakilishwa na Makamu wake!"

Watu wakapiga makofi. Katika nchi ile udhuru wa mkubwa hupigiwa makofi sawa na kuwasili kwake, na baadhi ya waheshimiwa wamepata umaarufu mkubwa bila kufika popote.

Saa tano na nusu Makamu alipata udhuru, kwa sababu alikuwa mahali pengine akimwakilisha Mtukufu Kiongozi. Angewakilishwa na Waziri. Makofi. Waziri naye alikuwa amekwenda kumwakilisha Makamu. Makofi. Naibu Waziri alikuwa amebanwa na semina ya viongozi kuhusu umuhimu wa kuhudhuria. Hapo makofi yalipungua kidogo, Bwana Hilali akawatazama, yakaongezeka. Katibu Mkuu akamkabidhi Mkurugenzi, Mkurugenzi akamkabidhi Mkurugenzi Msaidizi, Mkurugenzi Msaidizi akamkabidhi Kaimu wake, na Kaimu, ilipofika saa saba na robo, akasema gari limeharibika.

Bi. Sikudhani aliona saa zake zinayeyuka. Akainuka pale kati ya gari mbili, akapenya mpaka karibu na meza kuu, akasimama nyuma ya Bwana Hilali aliyekuwa bado na simu sikioni.

"Ndiyo, mheshimiwa. Hapana, mheshimiwa. Hawa wote ni wa wizara nyingine, hawawezi kuwakilisha wizara yako. Mhifadhi ni wa Mamlaka, na Mamlaka iko chini ya Bodi. Mtumishi wa Wizara ya Maumbile? Mtumishi yeyote? Hapana, mheshimiwa, hapa hakuna hata..."

"Samahani, mwanangu," alisema Bi. Sikudhani, akamnyooshea kibali. "Naomba tu kujua kama nitaruhusiwa kuingia leo. Changu kinaisha kesho asubuhi."

Bwana Hilali akaona muhuri wa wizara. Akaona jina la mtumishi, cheo, namba ya faili. Akamwangalia kuanzia kwenye kanga mpaka kwenye raba.

"Wewe ni mtumishi wa wizara?"

"Nilikuwa. Nimestaafu."

"Barua ya kustaafu umepewa?"

"Bado. Wameniambia inafanyiwa kazi."

"Basi hujastaafu, mama. Uko kazini." Akarudisha simu sikioni, akasema maneno mawili, akaikata. Kisha akanyoosha tai yake, na mgongo wake ukainama kwa namna ambayo Bi. Sikudhani hakuwahi kuinamiwa tangu azaliwe. "Mheshimiwa, karibu meza kuu."

Alishtuka, na nani asingeshtuka. Lakini alikuwa na swali moja tu.

"Nikikaa pale, nitaliona ziwa?"

"Mheshimiwa," Bwana Hilali alisema, "wewe ndiye utakayelizindua!"

Alilichukua hilo kuwa ndiyo. Mtu aliyekaa wizarani miaka thelathini na minne alipaswa kujua kwamba halikuwa jibu, lakini hamu ilikuwa imemzidi.

*

Wakamvisha skafu yenye rangi za taifa. Mkoba wenye hema ukasukumwa chini ya meza, pale miguuni kwake. Bendi ya polisi ikapiga. Bi. Sikudhani akakaa kwenye kiti cha dhahabu, mbele yake wananchi mia mbili, nyuma yake turubai, na nyuma ya turubai, hatua thelathini tu, maji. Aliyasikia. Yalikuwa yanagonga mawe taratibu, kama mtu anayebisha hodi asiye na haraka.

Ukaanza utambulisho. Bwana Hilali alimtambulisha Mkuu wa Wilaya, Mkuu wa Wilaya akaomba naye awatambulishe alioongozana nao, na hao wakaomba wawatambulishe walioongozana nao wao. Mwenyekiti mmoja wa kamati alitambulishwa mara mbili kwa vyeo viwili tofauti, na mara zote mbili alisimama akapunga mkono kama mtu mgeni kabisa. Kila msemaji alisema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia tena upya tangu mwanzo, asije akaonekana amekwepa. Ilipofika saa tisa na nusu kila mtu pale alikuwa amemjua kila mtu, na Bi. Sikudhani akainamia upande wa Bwana Hilali.

"Mwanangu, mbona tumelipa ziwa mgongo?"

"Mgeni rasmi huwaelekea wananchi, mheshimiwa. Hawapi watu mgongo. Utepe uko hapo mbele yako, umefungwa kwenye kamba inayopita juu ya vichwa vyetu. Ukikata, turubai linaanguka huko nyuma. Picha inakutoa wewe uso, na ziwa linaonekana pembeni ya sikio lako."

"Na mimi nalitazama saa ngapi?"

Bwana Hilali akafikiri. Ilionekana ni swali ambalo halikuwahi kuulizwa katika uzinduzi mia mbili na kumi na viwili.

"Mgeni rasmi hatazami, mheshimiwa. Mgeni rasmi anatazamwa. Ukishakata, ni picha, halafu dakika tano msafara unaondoka."

"Wewe mwenyewe hujawahi kugeuka?"

"Kugeuka ni kuvuruga shughuli." Akasita kidogo, akasogeza kinywa karibu na sikio lake. "Kuna zahanati moja nimeizindua mara mbili. Baadaye ndiyo nikaambiwa haijajengwa. Lakini shughuli ilikuwa safi sana, hata picha zipo."

"Basi nikimaliza nivue hii skafu, nichukue mkoba wangu, nirudi kwa kibali changu."

"Haiwezekani, mheshimiwa. Leo wewe ni Mtukufu Kiongozi aliyewakilishwa. Mtukufu Kiongozi hawezi kutoka langoni na msafara halafu akarudi na mkoba mgongoni. Nenda nyumbani upumzike. Omba tena siku nyingine."

Hakukuwa na siku nyingine. Bi. Sikudhani alilijua hilo kuliko mtu yeyote katika nchi ile, kwa kuwa kanuni hiyo aliwasomea wenzake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, na kuwaona wanavyoondoka. Akawaza kwamba laiti angebaki pale kwenye maegesho kati ya gari mbili, akala ndizi zake, muda huu angekuwa na nafasi sawa na wale wengine wote ya kuona anachokitaka. Hasira zilimpanda, na zilikuwa hasira juu ya nafsi yake mwenyewe.

*

Wakampa hotuba. Ilikuwa imepita mikono minane, na kila mkono uliongeza mstari wake juu.

"Ndugu wananchi," alisoma Bi. Sikudhani, "mimi, Mtukufu Kiongozi, ambaye nawakilishwa na Makamu wangu, ambaye anawakilishwa na Waziri, ambaye anawakilishwa na Naibu wake, ambaye anawakilishwa na Katibu Mkuu, ambaye anawakilishwa na Mkurugenzi, ambaye anawakilishwa na Msaidizi wake, ambaye anawakilishwa na Kaimu, ambaye anawakilishwa na Bi. Sikudhani Mbaruku wa chumba namba tisa, nimefurahi sana kuwa nanyi leo ana kwa ana."

Makofi. Hotuba ikaendelea kusema kwamba kabla ya serikali hii nchi haikuwa na ziwa hata moja lililozinduliwa. Ikasema maji ya ziwa hili yameongezwa unyevu. Ikawataka wananchi walitunze ziwa, wasiliibe, wasilihamishe bila kibali, na iwapo wataona dalili zozote za mawimbi watoe taarifa kwenye ofisi iliyo karibu nao. Kisha Bwana Hilali akamkabidhi mkasi kwenye sinia, na Bi. Sikudhani akakata utepe.

Alisikia kamba ikipita juu kwa mlio mkali. Alisikia kitu kizito kikianguka kwenye nyasi nyuma yake, upepo ukampiga shingoni, upepo wa baridi wenye harufu ya samaki na matope. Bendi ilitakiwa kupiga, haikupiga.

Akawatazama watu, kwa kuwa ndio aliotakiwa kuwatazama. Watu mia mbili walikuwa hawamwoni kabisa. Mama mmoja wa mbele, ambaye tangu asubuhi alikuwa analalamika kwa sauti kuhusu chai, ameweka mkono kinywani. Wale watoto wa shule madaftari yamewadondoka. Mhifadhi Luhende amevua kofia, machozi yanamtiririka waziwazi, na midomo yake inasema jina la ndege yule. Na juu ya nyuso zao zote mwanga ulikuwa unacheza, unapanda na kushuka, mwanga wa jua la jioni likirudishwa na maji. Bi. Sikudhani alielewa kwamba anaona ziwa, ila analiona kwenye nyuso za watu wengine, kama alivyoliona maisha yake yote.

"Mheshimiwa," Bwana Hilali alinong'ona, "gari liko tayari. Usigeuke. Pita huku kushoto."

Bi. Sikudhani akageuka.

Halikuwa la bluu. Lilikuwa la kijani karibu na miti, la kijivu katikati, na mbali kule lilikuwa na rangi ambayo hajui inaitwaje. Mikuyu ilikuwa imeinama mpaka matawi yamezama. Masikio ya kiboko yalitokea, yakatikisika, yakazama. Lilikuwa kubwa kuliko alivyosimuliwa na watu wote aliowagongea mihuri, na lilikuwa halijali hata kidogo kwamba limezinduliwa. Alifurahi. Alifurahi mpaka akacheka kwa sauti, na meza kuu, ambayo hucheka anapocheka mgeni rasmi, ikacheka nayo bila kujua ni kuhusu nini.

Kisha akainama chini ya meza, akavuta mkoba wake, akashuka ufukoni. Chini ya mkuyu mmoja uliokuwa bado na chokaa mbichi akafungua hema. Mikono ilikuwa imeshalizoea. Kamba moja kwenye mti, nyingine kwenye mguu wa kiti cha dhahabu, ambacho alimwomba Mkuu wa Wilaya amsogezee, na Mkuu wa Wilaya, kwa kuwa aliombwa na mgeni rasmi, akakibeba mwenyewe mbio mbio.

*

Sasa ieleweke kwamba katika nchi ile hakuna mtu wa meza kuu anayeruhusiwa kuondoka kabla ya mgeni rasmi. Waliowahi kujaribu walipangiwa vituo vya kazi ambako hata barua haziwafikii. Waheshimiwa thelathini na mmoja walisimama nyuma ya viti vyao, funguo za gari mikononi, wakimtazama mwanamke mwenye skafu ya taifa anapiga vigingi vya hema kwa jiwe.

"Anaondoka saa ngapi?" Mkuu wa Wilaya aliuliza.

"Amesema kesho, saa mbili asubuhi," Bwana Hilali alijibu, na kwa mara ya kwanza jasho lilimtoka pande zote mbili kwa pamoja.

"Kesho! Mwambie hawezi."

"Mimi nimwambie Mtukufu Kiongozi hawezi?"

Mkuu wa Wilaya akafikiria kituo chake cha kazi. Akafikiria watoto wake wanaosoma mjini. Akasema alikuwa anatania tu, na kwamba binafsi amekuwa akitamani sana kulala nje. Wenzake wote wakasema hata wao, tangu utotoni. Huko barabarani magari ya msafara yakazimwa moja baada ya jingine, na lilipozimwa la mwisho ndipo kila mtu alipogundua kelele zilikuwa nyingi kiasi gani. Furukombe akalia. Mhifadhi Luhende akainua uso kumtafuta, akamwona amekaa wapi.

Wapiga kambi hawakungoja tangazo. Walihama kutoka kwenye lami na mahema yao mikononi, wakashuka ufukoni wakipiga kelele, na yule mama wa chai akawasha jiko. Waheshimiwa wakabaki wamesimama mpaka miguu ikawauma. Kisha mwenyekiti wa kamati, yule mwenye vyeo viwili, akageuza kiti chake kikatazama maji, akakaa. Mwingine akageuza. Baada ya robo saa meza kuu nzima ilikuwa imewapa wananchi mgongo, na wananchi hawakuona kasoro yoyote.

Bi. Sikudhani alikuwa amekaa mlangoni mwa hema lake, magoti ameyakumbatia. Bwana Hilali akamjia kwa hatua za adabu, na ratiba mkononi. Karatasi ile ilikuwa na safu tatu, muda, tukio na mhusika, na chini ya msafara kuondoka kulikuwa na nafasi nyeupe mpaka mwisho wa ukurasa. Nafasi ile ilimtesa.

"Mheshimiwa, hapa tulipo tunasubiri nini?"

"Hatusubiri kitu, mwanangu."

"Nahitaji kuandika tukio."

"Andika kutazama ziwa."

Bwana Hilali akaandika. Saa kumi na mbili kasorobo, kutazama ziwa. Akafika kwenye safu ya tatu, akakwama, maana hapo lazima liandikwe jina la mtu na cheo chake, na ili aandike vizuri ikambidi ainue uso aone ni nani na nani wanaohusika. Aliinua uso, na ziwa likawa mbele yake. Alisimama hivyo kwa muda mrefu, kalamu hewani.

"Kumbe yanasogea," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo haikuwa ya kipaza sauti.

"Nini?"

"Maji. Yanasogea yenyewe. Hakuna mtu anayeyasukuma."

"Ndivyo walivyoniambia," alisema Bi. Sikudhani, akasogea akamwachia nafasi.

Bwana Hilali akarudi kwenye karatasi yake. Kwenye safu ya mhusika akaandika: wote. Akalitazama neno hilo, akaliona halina kasoro. Kisha, kwa kuwa naye alikuwa mmojawapo, akakaa kwenye nyasi na suti yake nyeusi, akaanza kufungua kamba za viatu.